Kijiko cha degedege na kabari ya daktari

Dhana: Mwenye degedege au kifafa apenyezwe kijiko mdomoni, asije akameza ulimi.

Ukweli: Ulimi haumezeki, umeshikizwa kwenye sakafu ya mdomo. Kijiko ndicho chenye madhara: taya likibana jino huvunjika, na kipande huweza kuingia njia ya hewa. Kidole cha anayesaidia nacho hakisalimiki. Mlaze kwa ubavu, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, au degedege ikirudi kabla hajazinduka, kimbilia kituo cha afya. Mtoto mwenye homa apelekwe siku hiyo hiyo hata kama imekoma, maana huku Mtwara na Lindi malaria haiko mbali.

Dhana: Mbona daktari wa meno naye hulazimisha taya?

Ukweli: Halazimishi. Mgonjwa hufungua mdomo mwenyewe, kabari ya mpira ya kushikilia taya wazi ikafuata ili misuli ipumzike. Huwekwa kwenye magego ya upande usiotibiwa, ncha nyembamba ikitangulia nyuma. Ukiisukuma zaidi nyuma, mdomo hupanuka zaidi. Ndiyo maana kabari ya mtu mzima haimfai mtoto. Kwenye tundu lake hufungwa uzi unaobaki nje ya mdomo, ikiteleza ivutwe.

Kipanuzi cha chuma, chenye mikono kama mkasi na meno ya kujifunga, hutumika zaidi mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Hapo ndipo pa kuchunga, kwa kuwa hawezi kusema "inauma". Kikikaa kwenye meno ya mbele huyalegeza, maana yana mzizi mmoja mwembamba. Mipira ya ncha zake ihesabiwe kabla na baada. Kwenye upasuaji wa mafindofindo hutumika kipanuzi chenye kibao, nacho kibao hukandamiza ulimi na kupunguza damu inayoufikia. Kazi ikirefuka, kilegezwe mara kwa mara.

Dhana: Mdomo usiofunguka unataka nguvu kidogo tu.

Ukweli: Kwa kawaida hupita vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vikipangwa wima. Kikipita kimoja tu, tafuta sababu kwanza: usaha wa gego la mwisho, pepopunda, kovu, taya lililovunjika.

Dhana: Kipanuzi kikichovywa kwenye spiriti kimetakata.

Ukweli: Kioshwe kwa sabuni na brashi, bawaba ikiwa wazi, kisha kifungashwe na kupikwa kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 30. Klorini ya asilimia 0.5 isizidi dakika 10, inakula chuma. Mpira uliopasuka utupwe.

Dhana: Taya likiuma baadaye, limeharibika.

Ukweli: Maumivu ya siku mbili tatu ni ya misuli, korosho zisubiri, kunywa uji. Ila mdomo ukigoma kufunga, mate yakatiririka na kidevu kikasogea mbele, taya limechomoka. Lisikandwe nyumbani, rudi hospitali siku hiyo hiyo.