Kusomea kioo sio kupuliza tu

Kuna vijana hapa Unguja wakiona video mtu anapuliza bomba refu na kioo kinavimba, basi washaamua hiyo ndo fani yenyewe, eti ukienda skuli ya sanaa Uingereza au Marekani kazi ni mapafu tu. Siyo, yakhe. Kupuliza ni mbinu moja, na pumzi yenyewe inatumika kidogo, kazi khasa ni kuzungusha bomba bila kusita maana kioo cha nyuzi 1,100 za Selsiasi kinachuruzika kama asali. Wanafunzi wanasoma pia kumimina kwenye kalibu, kushikanisha vipande ndani ya joko, kutengeneza shanga kwa moto wa gesi, halafu kukata na kusugua kioo kishapoa, hii ya mwisho inakula masaa na wala haitoi video nzuri.

Jengine, na hili ndo linawavunja moyo wengi, kioo ukikiacha kipoe chenyewe juu ya meza kinapasuka, nje kinaganda na ndani bado moto, kwa hiyo kinatiwa tanuri ya karibu nyuzi 500 kishushwe polepole, bilauri usiku mmoja, sanamu nene hata wiki kadhaa. Na nyie mnaotaka kuokota chupa za mahotelini Nungwi mzichanganye myeyushe pamoja, angalieni, vioo tofauti havisinyai sawa vikipoa, usiku kinapendeza asubuhi ushakuta ufa. Anzeni na chupa za aina moja.