Kubadili maneno hakuondoi deni la chanzo

Wanafunzi wengi wa vyuo, wa Mbeya na Iringa wakiwemo, huamini kwamba chanzo hutajwa pale tu unaponukuu neno kwa neno. Kwao, ukishaandika kwa maneno yako, wazo ni lako. Inaeleweka, maana shuleni mkazo huwa mmoja: usinakili.

Ila kinachodaiwa ni wazo pia. Tuseme umesoma kuhusu lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi): "Lumbesa humpunja mkulima wa viazi kwa sababu gunia huuzwa kwa ujazo, si kwa kilo." Ukiandika, "Mkulima wa viazi hupata hasara kwa kuwa gunia halipandi mizani," hoja bado ni ya mwandishi wa kwanza. Weka jina lake la ukoo na mwaka palepale kwenye sentensi. Ukinukuu, ongeza ukurasa. Orodha ya marejeo mwishoni haionyeshi sentensi ipi imetoka wapi. (Jambo linalojulikana na wote, kama kwamba Mbeya iko Nyanda za Juu Kusini, halidai chanzo.)

Kujipima ni rahisi. Funga kitabu, andika ulichoelewa, kisha fungua ulinganishe. Ukikuta mpangilio ni uleule, visawe tu vimebandikwa, andika upya. Mtindo wa kutaja chanzo uangalie kwenye mwongozo wa idara yako.