"Run": kitenzi kifupi cha Kiingereza chenye mamia ya maana

Wengi hufundishwa kwamba "run" ni kukimbia, kisha wanakwama wanaposoma kwamba mtu fulani "runs a school". Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford imeorodhesha maana zaidi ya 600 za kitenzi hiki. Hakuna haja ya kuzikariri. Tazama mtenda ni nani au nini, kisha tazama kinachofuata kitenzi.

Mtenda akiwa mtu na kitenzi kisipofuatwa na kitu, anakimbia. Injini au programu inafanya kazi, mto unatiririka, rangi ya nguo inachuja. Mtenda akiwa mtu na kitenzi kikifuatwa na shule, duka au kampuni, anaiendesha. Mtenda akiwa gazeti na kitenzi kikifuatwa na habari, linaichapisha.

Kihusishi nacho hakitoshi kukupa maana. "He ran for the bus" ni alikimbilia basi. "He ran for mayor" ni aligombea umeya. "The play ran for two years" ni mchezo ulioneshwa kwa miaka miwili. "For" ni ileile katika zote tatu. Nomino inayoifuata ndiyo inayoamua.

Makosa mengi hutokea kwenye "run out". Kitu chenyewe kikiwa mtenda, usiweke "of": "The water has run out", maji yamekwisha. Mtu akiwa mtenda na kitu kikatajwa, "of" ni lazima: "We have run out of water", tumeishiwa maji. Kiswahili kinatenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili, kuisha na kuishiwa, kwa hiyo anza na Kiswahili chako: ukisikia "kuishiwa" na kitu kimetajwa, weka "of".

"Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kugonga kitu kama ukuta. "Run over" ni gari kumgonga mtu na kumpitia juu, ila kikao "kiki-run over" kimepitiliza muda wake. Unaweza kusema "The car ran him over", lakini "I ran him into" kwa maana ya kukutana naye ni kosa. Sema "I ran into him".

Wakati uliopita ni "ran", lakini baada ya "have", "has" au "had" rudi kwenye "run". "We have ran out" ni kosa, hata kama utalisikia mara nyingi.