Kwenda kusoma Ujerumani na rafiki yako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mimi na shoga yangu tumetoka shule moja Tanga. Kidato cha tano na cha sita tulilala bweni moja, na Oktoba 2023 tukashuka pamoja stesheni kuu ya Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, masanduku manne na mfuko wa viungo vya pilau. Mama yangu alikuwa ametulia kabisa siku ya kutuaga. "Mko wawili, mwanangu," aliniambia pale uwanja wa ndege, "mimi sina wasiwasi." Tangu hapo wadogo zetu wengi wanaojiandaa kuja huku wamenipigia kuuliza, na wengi wanakuja wawili wawili kama sisi. Nasikia kwao maneno yaleyale tuliyoyaamini. Mengine yalikaribia kutuvunjia urafiki, ndiyo maana nayaandika.

"Mkiwa wawili, gharama zinakatika nusu"

Baadhi tu. Kwenye viza kila mtu anahesabiwa peke yake. Kwa kawaida kila mmoja hutakiwa awe na Sperrkonto yake, yaani akaunti inayofungiwa pesa za kujikimu za mwaka mzima, kisha unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Sisi tuliweka euro 11,208 kila mtu. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, sawa na 992 kwa mwezi. Huwezi kwenda ubalozini ukasema tutaishi chumba kimoja, kwa hiyo nusu itatutosha. Bima ya afya nayo ni lazima, zaidi ya euro 120 kwa mwezi, na hakuna bima ya marafiki.

Vinavyogawanyika ni kodi ya nyumba, intaneti, sufuria, na kimoja ambacho wengi hawakijui: ada ya redio na televisheni ya umma. Hiyo ni euro 18.36 kwa mwezi, na hutozwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Mkipanga nyumba moja mnalipa mara moja. Lakini katika hosteli ambayo kila chumba kinafungukia kwenye korido ya watu wote, kila chumba huhesabiwa kuwa nyumba yake. Marafiki wawili wanaotazamana mlango kwa mlango watalipa mara mbili.

Na mkataba wa nyumba msiusaini kwa furaha tu ya kupata nyumba. Mkiweka saini wote wawili, mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu kodi yote. Mmoja peke yake hawezi kuuvunja. Notisi ni ya miezi mitatu kwa kawaida, na ni lazima muitoe kwa pamoja. Sisi mkataba uliandikwa jina langu, na yeye akapanga kwangu kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Hapo tulifanya vizuri, ingawa ilikuwa bahati.

"Rafiki wa kweli haandiki deni"

Hili ndilo lililotuumiza mwanzoni. Mwenye nyumba alitaka dhamana ya kodi ya miezi mitatu, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria, na pesa zangu zilikuwa bado hazijaanza kutoka. Shoga yangu akailipa yote bila kusita. Kuanzia hapo mimi nikawa nanunua chakula cha nyumbani, mchele, mafuta, bamia za maduka ya mtaa wa Eisenbahnstraße, nikiamini moyoni kwamba ninapunguza deni. Yeye aliona ninanunua chakula kwa sababu ni zamu yangu. Hatukusema. Kufikia Januari kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani, na hesabu hizo hazikulingana hata kidogo.

Siku tuliyokaa chini kuzilinganisha tulilia wote wawili, na hakuna aliyekuwa amemdhulumu mwenzake. Tulinunua daftari la mistari tukalitundika jikoni. Aliyenunua anaandika, mwisho wa mwezi tunajumlisha. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Kizungu. Bibi zetu waliocheza upatu waliandika kila shilingi au walikuwa na mtu wa kuikumbuka, na hakuna aliyesema hawapendani.

"Mtajifunza lugha upesi kwa kuwa mtasaidiana"

Sisi masomo yetu ni ya Kiingereza. Darasani Kiingereza, nyumbani Kiswahili, na Kijerumani kikabaki cha dirishani kwa karani. Na pale dirishani aliyezungumza ni mmoja. Wiki ya kwanza tulikwenda kujiandikisha ofisi ya jiji, maana ukihamia nyumba una wiki mbili za kufanya hivyo. Mwenzangu alikuwa amesoma kidogo zaidi yangu akiwa Dar, akatusemea wote. Ikawa desturi: barua akazisoma yeye, duka la dawa akaenda yeye. Mimi nilisimama nyuma yake nikitikisa kichwa.

Baada ya mwaka yeye alikuwa na cheti cha B1, yaani Kijerumani cha ngazi ya kati. Mimi nikashikwa na homa kali usiku mmoja yeye akiwa Hamburg kwa mafunzo ya kazi. Ninaijua namba ya daktari wa zamu, 116117, imebandikwa kwenye friji, lakini sikuipiga kwa sababu niliogopa nitakachoulizwa. Nilikaa na homa hadi asubuhi. Aliponipigia na kujua, alijilaumu sana, na mimi nikamwambia kosa hili ni la wote wawili: yeye alinibeba kwa upendo, na mimi nikakubali kubebwa.

Tukabadilisha. Kila mtu akaenda na barua zake mwenyewe. Mimi nikatafuta wa kubadilishana naye lugha, na hapa Leipzig si kazi ngumu, kwani chuo kikuu kinafundisha Kiswahili katika idara yake ya masomo ya Afrika. Kila Jumatano nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili, na binti wa Kijerumani aliyehangaika na ngeli kama mimi nilivyohangaika na der, die, das, vijineno vinavyotangulia nomino zao.

Jiji hili limezoea kufundisha wageni lugha. Enzi za Ujerumani Mashariki taasisi ya Herder iliwapa wanafunzi wa kigeni, wa Afrika wakiwamo, takriban mwaka mzima wa Kijerumani kabla hawajaingia vyuoni. Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa karibu na nchi hiyo tangu 1964, na maghorofa ya Michenzani ni alama ya uhusiano huo. Wale walitengewa muda wa lugha tupu. Sisi wa leo tunaokuja kusoma kwa Kiingereza hatutengewi, na rafiki wa karibu hujaza pengo hilo kwa wema hadi unasahau kuwa pengo lipo.

"Elimu Ujerumani ni bure, na kazi zipo"

Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila mchango wa kila muhula upo. Jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kazi zipo, lakini zina mipaka: tangu Machi 2024 ni siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Rafiki asikuombe ufanye zamu kwa jina lake. Anayeingia hatarini ni yeye na wewe pia.

"Hutakuwa mpweke, una mwenzio"

Desemba hapa jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Nilijua nitaona baridi. Sikujua kwamba giza lile lingemwingia mwenzangu na mimi lisiniguse. Aliacha kupika, akaacha kumpigia dada yake, akawa analala tu. Nikajipa kazi ya kumchangamsha. Nilipika mbaazi za nazi, nikamchekesha, nikamkasirikia alipokataa kutoka. Nilidhani mapenzi yangu yanatosha, na yasipotosha basi nimeshindwa kuwa rafiki.

Kilichomsaidia ni ushauri nasaha wa Studentenwerk, taasisi inayoendesha hosteli na mabwalo ya chakula ya wanafunzi. Ni bila malipo. Alichelewa kwenda kwa hofu wanayoikuta wengi wetu, kwamba habari zitafika uhamiaji na viza itakataliwa. Washauri wale wanafungwa na wajibu wa kutunza siri; hawapeleki habari zako uhamiaji. Nawaomba wanaokuja walijue hili kabla ya baridi ya kwanza.

"Wakihama kila mtu kwake, ujue wamegombana"

Mama aliposikia tumeachana nyumba mwaka wa pili alinipigia mara tatu siku moja. "Niambie ukweli, mmekosana nini?" Hatukukosana. Yeye alipata chumba karibu na maabara yake, mimi nikampata mpangaji mwingine. Dhamana nilimrudishia yote, na ukurasa wa mwisho wa daftari la jikoni tuliusaini wote wawili. Kati ya kwake na kwangu ni vituo sita vya tramu.

Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo Jumamosi jioni huwa ananipigia kuuliza nina nini ndani. Juzi nilikuwa na mchele na vitunguu. Akaja na maziwa ya nazi ya kopo na karatasi ya bima aliyotaka tuisome pamoja. Aya ya pili hakuielewa, nami nikamsomea.