Ufunguo wa watu watano: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Sisi ni watu watano, watatu hapa Lamu na wawili Malindi, na kazi yetu ni kuzalisha funguo kisha kuzivuruga makusudi. Ni funguo za kulinda pochi za sarafu za kidijitali zinazomilikiwa na wengi, zile ambazo hakuna mmoja anayeweza kutoa pesa peke yake. Kila nikikaa barazani Langoni naulizwa habari za kazi hii, na ndani ya maswali mna dhana zile zile, hata kwa vijana waliosomea kompyuta. Naziandika hapa kwa sababu dhana hizi zikiingia kwenye programu, pesa za watu hufungiwa pasipo mtu wa kuzifungua.

"Ufunguo hutengenezwa mzima, halafu hukatwa vipande vitano."

Anayesema hivi huwa anaona sanduku la chama: kufuli tatu, kina mama watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Ni mfano mzuri, ila unapotosha mara mbili. Sanduku lile linataka wote watatu; mmoja akienda Mombasa kuuguza, siku hiyo halifunguki. Mpango wa kizingiti, yaani wa idadi ndogo kabisa inayotosha, unakubali wowote watatu kati ya watano. Tena, yupo mtu aliyezishika funguo zote tatu kabla hazijagawanywa, na hapo ndipo wizi huanzia.

Adi Shamir alieleza mwaka 1979 jinsi ya kuigawa siri, lakini mpango wake una mgawaji, na mgawaji anaijua siri. Tunachofanya sisi hakina mgawaji. Kila mmoja anachagua siri yake mwenyewe, anaificha ndani ya mlinganyo, na kumpa kila mwenzake nukta moja tu ya mlinganyo huo. Chukua mfano mdogo wa wawili kati ya watatu, tukihesabu kwa saa yenye tarakimu 13. Siri ni 5 na mlinganyo ni 5 + 3x. Nukta ya kwanza ni 8, ya pili 11, ya tatu 14, ambayo kwa saa hiyo ni 1. Mwenye 8 akikutana na mwenye 11, wanachukua 8 mara mbili, wanatoa 11, wanabaki na 5. Mwenye 8 akiwa peke yake hajui lolote, kwa kuwa kila siri kuanzia 0 hadi 12 inaweza kuzaa ile 8 yake.

Sasa wote watano wafanye hivyo kwa pamoja. Kila mmoja ajumlishe nukta alizopewa pamoja na ile ya mlinganyo wake mwenyewe. Jumla hiyo ndiyo hisa yake. Ufunguo wa siri ni jumla ya siri zote tano, na jumla hiyo haijaandikwa kwenye mashine yoyote duniani. Torben Pedersen aliieleza njia hii mwaka 1991, akijenga juu ya ahadi za Paul Feldman za mwaka 1987, ambazo humwezesha mpokeaji kuikagua nukta aliyopewa bila kuiona siri iliyoizaa. Mimi bado hunisisimua kila nikiifikiria.

"Watatu wanatosha, kwa hiyo wawili wakianguka tuko salama."

Wakati wa kusaini, yaani kuidhinisha malipo, ndiyo. Wakati wa kuzalisha, si lazima. Ufunguo ni jumla ya siri za waliokubaliwa kushiriki. Wewe ukimhesabu mtu ambaye mimi sikumhesabu, tayari tuna funguo mbili na kila mmoja wetu anaamini ana ule wa kweli. Ndiyo maana makubaliano juu ya nani yumo ni magumu kuliko hesabu yenyewe. Katika makala ya FROST, njia ya kusaini kwa kizingiti, ya Chelsea Komlo na Ian Goldberg ya mwaka 2020, mshiriki mmoja akikosea wakati wa kuzalisha, kazi yote husimama na kuanza upya. Waandishi wamelisema hilo waziwazi. Wanaoichukua bila kusoma ndio wanaoahidi wateja uvumilivu ambao haumo.

Na aliyeanguka si sawa na mwongo. Waongo wakiwa kwenye mtandao ambao hujui ujumbe utachelewa kiasi gani, lazima wawe chini ya theluthi. Theluthi yenyewe ilionekana mwanzo katika kazi ya Pease, Shostak na Lamport ya mwaka 1980, kwa ujumbe usio na saini. Nodi tano, yaani mashine tano za washiriki, zinamvumilia mwongo mmoja. Ukitaka kuvumilia wawili, uwe nazo saba.

"Mashine zikiwa miji tofauti haziwezi kuzimika pamoja."

Hili tuliliamini wenyewe. Tuliweka nodi mbili Langoni, moja Shela na mbili Malindi, tukaridhika. Jioni moja umeme ukakatika, tukapoteza nodi zote tano kwa dakika ile ile. Ukiitazama ramani unaelewa: laini inayoleta umeme Lamu inatoka Rabai, inapita Malindi, kisha Garsen. Tulikuwa na nodi tano juu ya waya mmoja. Intaneti nayo ni hivyo hivyo. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikaona mtandao ukisuasua. Kwa hiyo kabla ya kuandika "inavumilia wawili", uliza kama wawili hao wanaweza kuanguka bila kumvuta wa tatu. Nodi mbili tulizihamishia kwenye seva za kukodi nje ya nchi.

"Kupima ni kuzima mashine na kuona kama nyingine zinaendelea."

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, maana kuzima ndilo jaribio jepesi kuliko yote. Nodi iliyokufa imenyamaza kwa kila mtu. Hatari ni nodi inayosema na huyu hivi na yule vile.

Tufikirie mwezi wa Shawali. Shahidi asiyetokea hamsumbui mtu, huulizwa mwingine. Lakini shahidi akienda Mkomani aseme ameuona, kisha aje Langoni aseme hakuuona, kesho yake nusu ya mji wanafunga na nusu wameswali Idi, na kila upande umefuata ushahidi uliousikia kwa nia safi. Dawa ni kumfanya aseme mbele ya wote mara moja. Itifaki nzuri, yaani kanuni za mashine kuzungumza, inalazimisha ahadi zitangazwe hivyo, na jaribio lazima liwe na nodi inayojitahidi kuukwepa ulazima huo.

Basi tumeandika nodi korofi. Moja inatoa nukta sahihi kwa watatu na mbovu kwa mmoja. Nyingine inamlalamikia asiye na kosa. Nyingine inatangaza ahadi kisha inapotea kabla ya kutoa nukta, na nyingine inasubiri hadi sekunde ya mwisho ya duru ndipo itume lalamiko, ili lipokelewe na wawili na liwachelewe wawili. Yupo pia anayerudisha ujumbe wa kikao cha jana. Kuchelewesha na kupoteza pakiti tunatumia netem, programu ya kuuchafua mtandao makusudi ambayo imo ndani ya Linux, wala hailipiwi.

Nodi korofi nyingine mbili tumezichukua kwenye historia. Mwaka 1999 Gennaro, Jarecki, Krawczyk na Rabin walionyesha kwamba katika njia ya Pedersen, mtu anayesubiri kuona ahadi za wenzake anaweza kuchagua nani atolewe, na hivyo kuuelekeza ufunguo wa umma, ule jozi ya ufunguo wa siri unaoonwa na wote, upande autakao. Kuna kazi ambazo upendeleo huo hauziharibu na kuna ambazo unaziharibu. Wajibu wa mpimaji ni kujua yake ni ipi. Ya pili ni ya Februari 2024. Watafiti wa Trail of Bits, kampuni ya usalama wa programu, walitangaza kwamba programu kadhaa hazikuwa zikikagua urefu wa orodha ya ahadi, ambao ndio unaoweka kizingiti. Mshiriki mmoja akituma orodha ndefu kupita kiasi, kizingiti kinapanda bila wenzake kujua. Watano wanaamini watatu wanatosha, kumbe sasa hata wote watano hawatoshi. Pesa zinaingia, na kutoka haziwezi. Ukaguzi uliokosekana ni mstari mmoja wa programu, kuhesabu tu orodha ina vipengele vingapi. Hakuna kuzima mashine kungeigundua kasoro ile.

Mzee mmoja wa Matondoni aliniuliza, "Mwanangu, mbona mwaharibu kitu kizima?" Nikamjibu, "Ami, anwani ikishapokea pesa hairekebishiki tena. Yote ya kuharibu tunayaharibu kabla."

"Jaribio limepita mara elfu, limepita."

Mara elfu za bahari shwari ni jaribio moja lililorudiwa. Afadhali kuhesabu. Itifaki yetu ina nyakati nne ambazo nodi inaweza kufa. Ukiruhusu zisizozidi mbili zife, kuna hali moja ya wazima wote, hali 20 za mmoja kufa, na hali 160 za wawili kufa. Jumla 181. Zinaisha kwa jioni moja, na hakuna sababu ya kuziacha kwa bahati. Bahati tunaitumia kwenye ucheleweshaji, ambako hali hazina mwisho, na kila mara tunaiandika mbegu ya nambari nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati hiyo, ili kasoro ikitokea saa nane za usiku tuweze kuirudia asubuhi kama ilivyokuwa.

Na kufaulu ni nini? Nodi aminifu zote ziwe na ufunguo mmoja wa umma. Kila kundi la watatu kati ya watano, nayo ni makundi kumi, litoe saini inayokubalika. Asitolewe mwaminifu yeyote. La mwisho ndilo wengi hulisahau: kazi ikishindikana, ishindikane kwa wote. Kushindwa si aibu, watu wataanza upya. Balaa ni watatu kuondoka wakiamini wana ufunguo na wawili wakiamini hawana.

"Blokicheni itatusuluhishia."

Blokicheni, daftari la pamoja la sarafu za kidijitali, itasaidia kwenye tangazo: lililoandikwa pale wote wanaliona, tena kwa mpangilio mmoja. Lakini nukta za siri haziwekwi pale bila kusimbwa, mtandao ukilemewa lalamiko lako laweza kufika muda umepita, na kila ujumbe una ada. Inabeba sehemu ya mzigo, na sehemu iliyobaki bado inataka kupimwa.

"Ufunguo ukishazaliwa, kazi imekwisha."

Hisa huhuishwa kila baada ya muda, ili mwizi aliyeiba mbili mwaka jana asiongeze moja mwaka huu akatimiza tatu. Ufunguo wa umma haubadiliki, hisa zote zinabadilika. Mwaka 2020 Jean-Philippe Aumasson na Omer Shlomovits walieleza shambulio la hatua hii: mshiriki mmoja anawafanya baadhi waamini kuhuisha kumefaulu na wengine waamini kumeshindikana. Waliofaulu wanafuta hisa za zamani, walioshindikana wanatupa mpya. Hisa za zamani na mpya hazichanganyiki, na hakuna upande uliobaki na za kutosha.

Tulipoisoma habari hiyo tulikwenda kukagua yetu. Ilikuwa ikifuta hisa ya zamani mara tu nodi yenyewe inapomaliza, bila kuwasikia wenzake. Tena tukakuta nodi ikiwashwa upya katikati ya duru ilichagua mlinganyo mpya badala ya kuendelea na ule iliokwisha kuutolea ahadi, kwa hiyo mkatiko wa umeme wa sekunde chache uliigeuza nodi aminifu kuwa mwongo machoni pa wenzake. Kwa mji unaopata umeme kama wetu, hilo lingetupata wiki ya kwanza. Sasa mlinganyo unaandikwa diskini kabla ya ujumbe wa kwanza kutoka, na hisa ya zamani inabaki mpaka wote watano watangaze, kwa saini, kwamba mpya wanayo. Usiku huu tunazirudia zile hali 181 kuanzia ya kwanza, safari hii nodi ya Shela ikiwa imechomolewa na kuchomekwa katikati ya kila duru.