Chakula kipo, mlishaji yuko wapi?

Nyanda za Juu Kusini tunalisha nchi: mahindi ya Rukwa na Songwe, mpunga wa Mbarali na Kyela, viazi na maparachichi ya Njombe. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili umri wao, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Tukiwatajia wazazi takwimu hizi huuliza, "Mbona ghala limejaa?" Ni kweli limejaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo kuhara kwa mara kwa mara na lishe duni ya mama mjamzito, lakini leo nazungumzia jambo moja linalopita bila kuonekana: nani anakaa na mtoto anapokula.

Tazama sinia la mchana. Dada ana miaka minane, kaka mitano, mdogo wao mwaka mmoja na nusu. Mdogo anachukua tonge, analigeuzageuza mdomoni, anamwona kuku anapita, anasahau kutafuna. Akigeuka, maharage yamekwisha, umebaki ugali na mchuzi. Hakuna aliyemnyima. Mama yuko shambani, na binti aliyeachiwa kazi ya kulisha naye ni mtoto mwenye njaa yake.

Kwa hiyo mpe mdogo bakuli lake peke yake, ujue amekula kiasi gani. Kuanzia mwaka 1 hadi 2 anahitaji milo 3 au 4 kwa siku na asusa mara 1 au 2, huku akiendelea kunyonya. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima. Uji upikwe mzito, ukae kwenye kijiko. Ule unaotiririka unajaza tumbo tu. Maharage ponda, dagaa saga. Mayai na maziwa yasiende yote gulioni kabla ya mtoto kupata lake. Chai ya rangi, ambayo watoto wetu wa Mufindi na Rungwe huonjeshwa mapema mno, hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Asipewe.

Kisha zungumza naye. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka hii, na kila anaponyoosha kidole ukamjibu, "Eeh, parachichi hilo, unataka tena?", unamjenga. Kihehe, Kibena, Kinyakyusa au Kisafwa, yote ni sawa. Tumia lugha inayokutoka kirahisi. Akitema, subiri kidogo ujaribu tena. Kumbana pua ili ameze ni hatari, anaweza kupaliwa, na kesho atakikimbia kijiko. Wala usimtulize kwa simu: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini.

Najua palizi haisubiri. Ndiyo maana mlishaji apangwe asubuhi kabla jembe halijatoka: bibi, shangazi, au baba mwenyewe, ambaye mikono yake inaweza kushika kijiko vizuri tu. Na msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, wazazi wasiondoke wote wawili jioni, na mtoto asionjeshwe hata tone.

Wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 9. Rudi miezi 18 kwa dozi ya pili, na endelea na mahudhurio hadi atimize miaka 5. Omba apimwe urefu pia, kwa sababu uzito peke yake hauonyeshi udumavu. Kama ametimiza miezi 18 na hajatembea, au miaka 2 na bado haungi maneno mawili kama "mama njoo", mwambie muuguzi siku hiyohiyo bila kusubiri aulize.