Filamu za Njama: Mzazi, Usikague Damu Peke Yake

Wazazi wanaofika ofisi ya utamaduni hapa Tabora kuuliza kama filamu fulani inamfaa kijana wa sekondari huanza na jambo moja: ina uchi au damu? Wana haki kuuliza. Ila kwa filamu ya njama iliyojengwa juu ya historia, hilo ndilo jepesi.

Chukua JFK, filamu ya mwongozaji Oliver Stone ya mwaka 1991 kuhusu mauaji ya Rais John F. Kennedy wa Marekani. Marekani iliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Ina matusi, na ina kipande cha kweli cha risasi ikimpasua Rais Kennedy kichwa, tena kinarudiwa mahakamani. Kwa hayo mzazi anaamua upesi.

Ugumu uko kwingine. Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Mwaka 1964 Tume ya Jaji Warren, iliyochunguza mauaji hayo, ilisema Lee Harvey Oswald alitenda peke yake. Mwaka 1979 kamati ya Bunge ikasema huenda palikuwa na njama, ikiegemea ushahidi wa sauti ambao wanasayansi waliupinga mwaka 1982. Filamu yenyewe inamfuata Jim Garrison, mwendesha mashtaka wa New Orleans aliyemshtaki mfanyabiashara Clay Shaw kwa kushiriki njama ya mauaji hayo. Juri ilimwachia Shaw mwaka 1969, na haikukaa hata saa moja. Stone haifichi hukumu hiyo, lakini inapofika, mtazamaji ameshakaa karibu saa tatu upande wa Garrison, kwa hiyo anaiona kama sehemu ya njama ileile. Isitoshe, picha za kweli za 1963 zimeunganishwa na maigizo yaliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe, hata mtu mzima asijue kipi ni kipi. Garrison halisi yumo pia, akiigiza kama Jaji Warren, mtu ambaye yeye Garrison alipinga tume yake! Hata hivyo, kelele za filamu hii zilichangia Marekani kutunga sheria ya kufungua nyaraka za mauaji hayo mwaka 1992. Si kazi ya kudharau.

Halafu kuna vibanda umiza na muvi za kutafsiriwa. Sina ugomvi nazo. Kwenye ngumi na mapanga ni burudani safi. Lakini hapa mhusika akisema "huenda", mtafsiri mwenye haraka atasema "ndio waliomuua", na kijana atatoka na uhakika ambao hata filamu haikuutoa.

Kwa maoni yangu, aliye chini ya miaka 15 asubiri. Majina ya majasusi na mawakili yatamchosha, abaki na kile kichwa tu. Wa kidato cha tatu kwenda juu aione nyumbani, kwa siku mbili, na mtu mzima pembeni. Kwanza, ili aone kuwa hii ni historia ya watu wa kweli, mwambie kwamba Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, alikutana na Kennedy Washington Julai 1963, miezi minne kabla ya mauaji. Kisha simamisha pale ofisa asiyetajwa jina anapomsimulia Garrison mambo mazito kwa kirefu. Muulize: huyu ameona, ameambiwa, au anakisia? Akikujibu, "Lakini si tumeona wenyewe kwenye video?" basi sehemu ya pili isubiri, rudini kwanza kwenye zile picha, moja moja.